Kem Bila Odijo: Anza na Pepa ya Mwisho

Wasee wa Fom 4, wacha tubonge ukweli. Kuna shule mob hii Kenya penye kandideti hushika bureti mara ya kwanza wiki ya mock. Miaka tatu amekuwa akiandika notsi za kem zenye odijo anasoma kutoka kwa buku, laini kwa laini, mpaka kengele ilie. Hajawahi ona methyl orange ikitoka yelo ikiingia pinki. Hajawahi nusa amonia. Halafu Novemba inaland, KNEC inamwekea pepa mbele, anaambiwa aonyeshe kenye anajua. Huyo msee si mjinga. Amenyimwa kitu yenye ni haki yake, na kama ni wewe, hii stori ni yako.

Pointi yangu naisema mapema juu taimu haitoshi. Kama darasani hakuna kufunzwa kwa maana, usianze kurevaiz na chapta ya kwanza ya Fom 1. Anza na pepa ya tatu, ile ya praktiko. Najua inakaa kinyume, juu karibu kila mtu huiwacha mwisho, ati hiyo ni ya labu na labu iko na kufuli. Lakini kem ni somo ya mkono na macho kabla iwe ya kukariri. Ukishaona vitu zikifanyika, zile notsi ulikuwa unaandika ukisinzia zinaanza kuingia bila kulazimishwa.

Cheki hesabu yenyewe. Kem ya KCSE, kodi 233, iko na pepa tatu. Ya kwanza ni alama 80 kwa masaa mbili. Ya pili pia 80, masaa mbili. Ya tatu ni alama 40 kwa masaa mbili na dakika 15, na hizo dakika 15 za kwanza ni za kusoma maswali na kucheki kama vyombo na kemikali zote ziko. Jumla ni 200, maanake praktiko pekee ni moja kwa tano ya kem yako yote. Na ndio pepa yenye haibadilishi tabia. Utapata titresheni, ama jaribio la joto, ama la kasi ya rieksheni lenye linaishia kwa grafu. Utapata chumvi flani utafute ayoni zenye ziko ndani. Utapata kitu ya ogani uichome na uipime. Kemikali hubadilishwa mwaka kwa mwaka, lakini mwendo ni ule ule. Msee amezoea mwendo hawezi toka hapo mikono mitupu.

Wacha tukae kwa titresheni kidogo, juu hapa ndipo alama ziko chini zikingoja kuokotwa. Ile tebo ya titresheni kwa kawaida hubeba alama 5, na zimegawanywa hivi: moja ni ya kujaza tebo yote, moja ni ya kuandika desimali kwa mpango mmoja, moja ni ya usahihi, moja ni ya kutafuta wastani kwa njia inakubalika, na moja ni ya jibu la mwisho la huo wastani. Soma hiyo tena pole pole. Alama ya tebo na ya desimali hazihitaji akili ya Einstein. Zinataka nidhamu. Ukianza na desimali moja, maliza na desimali moja. Ukiamua mbili, ile ya mwisho iwe 0 ama 5, kama 24.50 ama 24.55, na hiyo sheria ifuate kila namba ndani ya tebo. Ukitoa namba ya kuanzia kwa namba ya mwisho, toa vizuri. Bureti ya shule inaishia 50, sasa ukiandika 51.2 umeambia eksamina hukuwa unaangalia.

Ile ya usahihi ndio huogopesha watu. Lakini hapo unalinganishwa na namba yenye odijo wa shule yenu amepata na kemikali zile zile, si namba ya Nairobi ama ya Mars. Sasa kazi yako ni kupima kama mtu mzima. Osha bureti na ile solusheni utaweka ndani, usiiwache na maji. Toa faneli kabla uanze, juu tone moja ikianguka kutoka hapo imekuharibia. Weka jicho lako sawa na mstari, soma pale chini ya mkunjo wa maji. Ya kwanza piga haraka ujue rangi hubadilika karibu wapi, halafu zile zingine ukikaribia hapo fungua tone kwa tone, ukizungusha chupa na mkono ule mwingine. Wastani tafuta kwa namba zenye hazijapishana zaidi ya 0.2. Hii kitu yote mkono hujifunza kwa kurudia. Ukiipiga mara kadhaa kabla ya Novemba, siku ya pepa haitetemeki.

Halafu kuna ile ya kutafuta ayoni, na hapa ndipo nimeona watoi wakilia bure. Wanadhani ni kukariri kurasa kumi. Zi. Ni njia iko na kona chache. Chukua mfano wa zinki, aluminiamu na ledi. Zote tatu ukiweka sodiamu hidroksidi tone kwa tone zinatoa presipiteti nyeupe, na ukizidisha, inayeyuka. Sasa hapo bado hujui ni nani. Chukua sampuli ingine, weka amonia. Ikiyeyuka ukizidisha, umeshika zinki. Ikikataa, umebaki na wawili. Weka potasiamu ayodaidi: ikitoka yelo ya kuwaka, hiyo ni ledi, na ikikaa vile ilikuwa, ni aluminiamu. Kona tatu, majina matatu. Kopa peke yake inajianika, juu ni ya bluu, na ukizidisha amonia inakuwa bluu nzito yenye huwezi sahau. Ayani iko na sura mbili, ya kijani na ya kahawia. Chora hii njia kwa kartoni moja na ubandike kwa ukuta ya keja, kando ya kioo chenye unachania nywele.

Na vile unaandika jibu ni nusu ya vita. Kem ya KCSE inamarkiwa kwa maneno halisi. Ukiona solusheni haina rangi, andika "colourless". Ukiandika "clear" umeshapoteza, juu hata solusheni ya bluu inaweza kuwa "clear". Ukitaja ayoni, iandike na chaji yake, usiandike jina la metali pekee. Ukisema presipiteti, sema na rangi yake. Na kama hakuna kitu imefanyika, andika hakuna kitu imefanyika, halafu useme hiyo inamaanisha ayoni gani haipo. Kuna kandideti huwacha hapo wazi akidhani jaribio limefeli, na kumbe hiyo ndio jibu.

Sasa tuje kwa odijo. Usimfanye adui, tafadhali. Hiyo ni njia rahisi na haikupeleki mahali. Odijo wa kem wa shule ya siku mara mob anabeba Fom zote na labu ni moja. Kama ni wa BOM, analipwa na shule kutoka kwa ile ganji kidogo iko, na akipata mboka ingine anaenda katikati ya tam, nyinyi mnabaki na chapta ya moli ikiwa imefika nusu. Serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya siku kwa mwaka, na wakuu wa shule wamelia miaka na miaka venye hiyo doo hukuja ikiwa imechelewa. Ganji ikichelewa, kenye hukatwa kwanza si chaki. Hukatwa asidi, hukatwa bureti, hukatwa gesi ya labu. Inaniuma sana hii maneno, juu yule anaumia ni mtoi wa mathe anauza mboga Wakulima, si wa yule msee ataita odijo wa tuisheni akuje mpaka kwa hao.

Na si ati nchi haijui dawa. Tangu 1998 kulikuwa na mradi wa SMASSE, Kenya na Japani kupitia JICA, wa kufunza waalimu wa hesabu na sayansi wafunze kwa vitendo, mwanafunzi awe ndiye anafanya, na kama kifaa hakipo kitengenezwe na kenye kiko karibu. Hiyo kazi ikakuwa taasisi kamili, CEMASTEA, iko pale Karen. Maanake kufanya jaribio na vitu za mtaa si ushamba. Ni njia yenye nchi yenyewe ilichagua. Ukimwambia odijo wako mfanye hivyo, unamkumbusha kitu huenda alifunzwa kwa semina na hajapata nafasi ya kuifanya.

Sasa nenda umwombe. Usiende peke yako na usiende na makelele. Nendeni watu wanne ama watano, wakati wa lanchi akiwa ametulia, mseme hivi: "Mwalimu, tunaomba utufungulie labu Jumatano baada ya klasi. Tutaosha vyombo wenyewe. Tunataka tu kupiga titresheni mbili." Hiyo laini ya kuosha vyombo iwekeni, ni muhimu, juu mara mob kenye huzuia labu kufunguliwa ni uchovu wa kupanga na kupangua. Bongeni pia na yule mzae wa labu, yule hukaa na funguo. Yeye anajua chupa gani iko na nini na ni gani imebaki lebo pekee. Mheshimuni, mwiteni mwalimu pia, juu kwa praktiko yeye ni mwalimu. Na kama shule yenu kwa ukweli haina kitu, ombeni odijo aongee na shule ya jirani iko na labu. Shule hufanya hivyo, na anayeuliza mapema ndiye hupata.

Sasa moli. Hii ndio chapta ya Fom 3 yenye imefukuza watu wengi kutoka kwa kem, na ndio hiyo hiyo iko ndani ya titresheni, ndani ya gesi, ndani ya joto, ndani ya elektrolisisi. Ukiishika umeshika nusu ya hesabu zote. Wacha tupige moja hapa hapa. Umeambiwa gramu 4 za sodiamu hidroksidi zimeyeyushwa zikafika lita moja. Moli moja ya hiyo kitu ni gramu 40, sodiamu 23, oksijeni 16, hidrojeni 1. Sasa 4 kwa 40 ni 0.1. Kila lita iko na moli 0.1. Umechukua sentimita 25 za ujazo na pipeti. Lita ni 1,000, sasa zidisha 0.1 na 25 ugawe na 1,000, unapata moli 0.0025. Hiyo alkali imemalizwa na asidi ya haidrokloriki sentimita 20. Ekwesheni inasema moja kwa moja, basi asidi pia ilikuwa na moli 0.0025 ndani ya hizo 20. Kwa lita nzima, 0.0025 mara 1,000 gawanya na 20 ni 0.125. Imeisha hiyo.

Sasa badilisha kitu moja tu: asidi iwe ya salfuriki. Hapo ekwesheni inasema asidi moja kwa alkali mbili, sasa moli za asidi ni nusu, 0.00125, na jibu linakuwa 0.0625. Watu wengi huangukia hapo, hesabu wanaijua lakini hawakuandika ekwesheni na kuibalansi kabla waguse kalkuleta. Kila swali la moli lianze na ekwesheni imebalansiwa. Kila swali, hata lile unaona ni rahisi. Piga ya aina hii kila siku, na ufanye kwa karatasi, si kwa kichwa, juu eksamina anamarki hatua.

Kem pia iko mtaani, na msee wa mtaa ameona vitu yenye hata buku haina picha yake. Ile magadi mathe huweka kwa mrenda imetoka kwa trona, Ziwa Magadi kule Kajiado, na venye hiyo trona hugeuzwa kuwa sodiamu kaboneti iko kwa silabasi yako. Weka kidogo kwa kikombe, kamulia limau, na hayo mapovu ni kaboni dioksidi. Ponda maua ya hibiskasi na maji moto, chuja, na uko na indiketa: kwa limau inaingia wekundu, kwa maji ya majivu inaingia kijani. Hiyo ni Fom 1 imeisha kwa jiko la nyumbani. Maji ya borehol yenye yanakataa kutoa povu na sabuni, na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika, hiyo ni ugumu wa maji, na hiyo swali hupenda kurudi. Ile mabati mpya inang'aa juu imepakwa zinki, na ukijua juu ya nini zinki hulinda chuma hata ikikwaruzwa, umeingia ndani ya elektrokemia bila kuogopa.

Kuna zenye zinaokoa maisha kabla ziokoe gredi. Jiko la makaa ndani ya keja imefungwa madirisha linatoa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, inashika damu mahali pa oksijeni, na watu wamelala na hawakuamka. Andika hiyo kwa pepa, lakini kwanza mwambie broo yako mdogo leo. Usiwahi changanya Jik na dawa ya choo yenye asidi, juu unatoa klorini, ile gesi ya kijani-yelo ya Fom 3, ndani ya choo ya mita moja. Na ile mambo ya kutenganisha vitu kwa kiwango cha kuchemka: ethanoli huchemka digrii 78, methanoli 65. Novemba 2000 kule Mukuru pombe yenye ilikuwa na methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapoteza macho. Ukikutana na swali la distilesheni, kumbuka hii si stori ya chupa za labu tu.

Mbogi. Bila mbogi ni ngumu, na hii naisema nikiwa nimeona. Kuna manzi wa Fom 4 kule Dandora, shule ya siku, alikuwa anachukua chaki anachora ile njia ya ayoni kwa geti ya ploti, halafu anaeleza majirani zake wawili wa klasi, kwa Sheng kabisa. "Hii amonia ukiweka mob, zinki inajisalimisha, lakini ledi na alu zinakaa ngumu." Hao wengine wanamkatiza, wanauliza, wanabisha. Wakimaliza anafuta geti, kila mtu anachukua karatasi na kuandika ile ile kitu kwa Kizungu cha pepa, bila kuangaliana. Hiyo nusu ya pili ndio dawa. Kubonga Sheng kunakuonyesha kama umeelewa. Kuandika kwa Kizungu kunakuonyesha kama utapata alama. Mbogi zenye hufanya moja na kuacha ingine hutoka na raha ya kuongea, na pepa inawakataa.

Watu wanne wanatosha. Mbogi ya kumi ni sherehe. Gawaneni chapta, kila mtu afunze yake: mmoja naitrojeni, mmoja salfa, mmoja klorini, mmoja ogani. Yule anafunza ndiye hujua zaidi, sasa zungusheni. Kama mtaani kuna kelele, Eastlands iko na maktaba Kaloleni na Makadara, na ile ya Buruburu. Keti hapo Jumamosi asubuhi, simu kwa bag. Mahali pengine nchini, maktaba za umma ziko kwa kaunti mob, na kama haiko karibu, kanisa ama msikiti ukiombwa kwa heshima hutoa chumba na taa.

Pepa za zamani ndio odijo wako wa pili. Si kuzisoma majibu tu na kusema "aah, hiyo naijua". Kaa na saa, piga pepa nzima, halafu jimarki na skimu bila huruma. Ukikosa swali, rudi kwa ile buku ya KLB, soma hiyo sehemu peke yake, urudie swali. Hapo ndipo Fom 1 na Fom 2 zinaingia, kwa kuitwa na swali, na zinakaa. Na kuna kitu wengi hawajui: KNEC hutoa ripoti ya mtihani, yenye inaonyesha maswali gani kandideti walianguka na walikosea nini. Iombe kwa ofisi ya shule. Mimi naona hiyo ripoti ingepaswa kubandikwa kwa kila klasi ya Fom 4, si kukaa kwa kabati ya stafu.

Elementi 20 za kwanza ziko kwa silabasi, zijue kama majina ya mastaa wa timu yako. Gesi za labu, jinsi zinatengenezwa, zinakaushwa na nini, zinakusanywa aje: chora mchoro, usikariri aya. Radioaktiviti ni chapta fupi mwisho wa Fom 4, odijo wengi hawaifikii, na inasomeka kwa wikendi moja. Isome mwenyewe.

Kuhusu liki, sitazunguka. Ikifika Oktoba, Telegram itajaa wasee wanauza pepa, soo tano, thao, "legit". Ni bonoko. Wanakula doo ya mathe yako na wanakuibia kitu kubwa zaidi, zile usiku ungekuwa unapiga moli. Na kama kwa bahati mbaya ni ya ukweli, hapo umeingia kwa kesi na matokeo yanaweza futwa, yako na ya klasi nzima. Mwakenya pia wacha. Kartoni yenye ulibandika ukutani imeshaingia kichwani, haihitaji kuingia na wewe kwa soksi.

Najua kuna mtu anasoma hii akisema amechelewa. Kama uko Fom 3, hujachelewa hata kidogo. Kama uko Fom 4 na ni tam ya pili, titresheni, ayoni, moli na ogani, hizo nne zikikaa vizuri, ushatoka kwa ile gredi ulikuwa umejiandikia. Gredi ya mwisho sai inahesabiwa na hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano yenye umefanya vizuri zaidi, sasa kem ikipanda inaingia kwa hiyo hesabu. Na kama unataka kuwa daktari, nasi, mfamasia ama injinia, hiyo mlango inauliza kem pia.

8-4-4 inaenda kuisha. KCSE ya mwisho imepangwa 2027, na shule zimeshaanza kugeuza macho kwa Gredi 10. Hizi klasi mbili za mwisho zisisahaulike. Mkuu wa shule, kama gazeti hili limefika kwa meza yako, labu ifunguliwe siku mbili kwa wiki, hata kama kemikali ni kidogo. Mzazi, mtoi akikuja nyumbani na harufu ya amonia, usimgombeze. Na wewe ulipita kem mwaka jana, uko mtaani unangoja kuitwa kampo, kuna mbogi ya Fom 4 karibu na wewe yenye haijawahi kuelezwa moli na mtu mwenye subira. Jumamosi hii watafute, uwape masaa mbili.